Kuishi kwa kalamu ukiwa Tanga: hela ipo, ila haipo mnakoitafuta

Kalamu ya Ngamiani

Habarini wadau. Kila baada ya muda anatokea kijana anauliza eti naweza kuishi kwa kuandika, halafu anajibiwa na watu wa aina mbili tu, kuna yule wa fungua akaunti Fiverr, lile soko la kazi za mtandaoni, utavuna dola, na yule wa Tanzania hakuna anayesoma nenda kasomee ualimu. Mie nipo Tanga mjini, sina mwajiri, kodi ya nyumba na ada ya mtoto vinatoka kwenye kuandika. Sio tajiri tusidanganyane, ila silali njaa. Ngoja niseme ninavyoiona, anayepinga apinge.

Watu hawakulipi kwa sababu umeandika vizuri. Wanakulipa kwa sababu bila hayo maandishi kitu chao kimekwama. Ukishalielewa hilo unaacha kulalamika kwamba Waswahili hawasomi, maana hata asiyesoma ana karatasi yake imekwama mahali.

Mfano ambao ndo unanilisha zaidi ni vikundi. Mnajua ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, mkopo hauna riba. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Ili kikundi kipate lazima kisajiliwe, kiwe na katiba, muhtasari wa kikao cha wanachama kukubali kukopa, halafu mchanganuo wa biashara, vyote vinapita kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Sasa mchukue mama anayekaanga samaki pale Deep Sea. Biashara yake anaijua kuliko ofisa yeyote wa benki, anajua siku za bamvua boti zinatoka vipi, anajua mafuta ndoo inamaliza samaki wangapi, anajua nani anakopa halipi. Ila mwambie aandike mchanganuo wa biashara, anaona kama umemtukana.

Hapo ndo kazi yangu ilipo. Nakaa naye kwenye mkeka namuuliza samaki ananunua kwa nani, kwa shilingi ngapi msimu wa kusi na ngapi msimu wa kaskazi, kuni au gesi, nani anabaki nyumbani na watoto. Anaongea wee, mie naandika. Nikimaliza nampelekea namsomea kwa sauti mwanzo mwisho, maana ataulizwa maswali na kamati na mie sitakuwepo. Wengi wanaofanya hii kazi steshenari wanakopi andiko la kikundi cha kufuga kuku wanabadilisha jina la kikundi tu, unakuta kikundi cha wavuvi kwenye andiko wameomba hela ya chanjo ya kideri. Nimeliona kwa macho yangu.

Katiba peke yake nachukua elfu 40, ikiwa na mchanganuo inafika laki na kidogo, wanachama wanachangishana, haiwaumi. Kikundi kikifanikiwa kupata basi mtaa mzima unakuja kwako.

Pili ni risala. Kuanzia mwezi wa 9 mpaka wa 11 ni mahafali, darasa la saba, kidato cha nne, vyuo vya ufundi, chekechea nazo siku hizi zinavalisha watoto joho. Kila mahafali ina risala kwa mgeni rasmi. Mnaiona ni kitu kidogo, lakini mwalimu mkuu anataka kusema vyoo vimejaa na mabweni yanavuja bila diwani aliyekaa meza kuu kuona amesutwa mbele za watu. Hiyo sentensi ina mtu wake wa kuiandika. Unaanza kwa kumshukuru kwa kile alichofanya kweli, hata kama ni mipira miwili, halafu unaingiza choo kama ombi la wanafunzi na sio lawama ya walimu, na unaweka idadi, wanafunzi kadhaa kwa tundu moja, halafu unanyamaza hapo hapo usielezee. Namba inamchoma mwenyewe.

Tatu mashairi ya harusi, na hapa ndo raha ya kuwa Tanga. Huku mtu anaweza kula kwa mkopo lakini harusi ya binti yake lazima iwe na maneno. Juzi juzi bibi mmoja wa Chumbageni kaniita, anataka beti za kusomwa siku ya kumtoa mwali, akasema mjukuu wangu nataka mawifi wasikie ila wasiwe na pa kunishika. Nikampa hii:

*Mwali wetu twamtoa, si kwamba tumemchoka,*
*Kwao hatukumng'oa, ufunguo twauweka.*

Bibi alicheka mpaka akaomba maji. Alinilipa zaidi ya nilivyotaja na kanga doti moja juu. Mtu akikwambia ushairi haulipi muulize alikuwa anauuza kwa nani.

Nitaendelea jioni, sasa hivi naenda Sahare kuna mtu na katiba yake.

Bwana Mkonge

Dada nimesoma yote, hongera kwa kujituma, ila tuite kitu kwa jina lake. Huo ni ukarani. Mwandishi ni mtu anaandika riwaya, makala, tamthilia, anaacha kitu. Katiba ya kikundi cha kukaanga samaki nani ataisoma miaka 50 ijayo?

Kalamu ya Ngamiani

Haha Bwana Mkonge, na wewe umekuja na lako. Aliyezaliwa hapo Vibambani na kuzikwa hapo hapo, ambaye kila mtu wa Tanga akilewa sifa za mji anamtaja, Shaaban Robert, aliingia idara ya forodha 1926 kama karani na akakaa huko mpaka 1944, akahamia idara ya wanyama, ofisi ya wilaya, ofisi ya upimaji ramani. Alikuwa karani wa mkoloni karibu maisha yake yote ya kazi. Vitabu vilitoka pembeni ya mshahara. Sasa mie ambaye sina hata mshahara unanitaka niandike riwaya nikiwa nakula nini, hewa ya bandarini?

Na riwaya ninayo, naiandika usiku. Tofauti ni kwamba siitegemei inilishe, kwahiyo naiandika ninavyotaka.

mtoto_wa_Muheza

Dada shikamoo. Mimi nimemaliza chuo mwaka jana nipo nyumbani Muheza, nimejaribu Upwork naomba kazi sipati, hata kujibiwa sijibiwi. Kuna jamaa yangu ananiambia niingie kwenye zile kazi za kuwaandikia wanafunzi wa nje insha, Wakenya wengi wanapiga hela huko. Unanishaurije?

Kalamu ya Ngamiani

Marahaba mdogo wangu. Hiyo ya insha achana nayo. Sikufundishi dini, naongea biashara tu, England walipitisha sheria 2022 inayofanya kuuza hizo insha kuwa kosa, na hao mawakala wenyewe wakikunyima hela utawashtaki wapi, utaenda polisi Muheza useme nilimwandikia Mzungu mtihani hawajanilipa? Na kitu kingine, ukiandika miaka mitatu kwa namna hiyo hubaki na kazi hata moja unayoweza kumwonyesha mtu ukasema hii yangu.

Upwork na Fiverr mie sio mtaalamu, kuna mdau humu anafanya tafsiri atakuja kutuambia.

Mfasiri wa Raskazone

Nimeitwa nimekuja. Wakuu mimi natafsiri Kiingereza kwenda Kiswahili, mwaka wa kadhaa sasa, wateja wengi wa nje na wachache wa hapa. Niseme machache ambayo nina uhakika nayo.

Fiverr anakata asilimia 20 ya kila unachouza, ukiuza kazi ya dola 5 mkononi mwako inafika 4, hapo bado gharama ya kuitoa. Upwork nako unanunua vile vipointi vya kuombea kazi, kwahiyo mtu ambaye hana hata tathmini moja anatumia hela kuomba kazi ambayo mtu mwenye tathmini mia ameshaiomba. Kijana wa Muheza akianza na makala za Kiingereza anashindana na dunia nzima, Mhindi, Mfilipino, Mkenya, na mashine juu. Akija na Kiswahili anashindana na wachache zaidi. Kiswahili ndio mtaji wetu jamani, tunauacha tunaenda kubabaika na Kiingereza cha kuazima.

Na kazi ya Kiswahili inaongezeka. Umoja wa Afrika ulikipitisha kuwa lugha ya kazi 2022, na UNESCO walishatupa siku yetu 7 Julai. Hizo sherehe zenyewe hazikuletei oda lakini mashirika yanatakiwa kuwa na nyaraka za Kiswahili, dodoso za utafiti, vipeperushi vya afya, maelezo ya programu za simu. Mimi hela yangu kubwa inatoka kwenye dodoso na fomu za ridhaa za watafiti wa afya. Ni kazi kavu haina utamu, ila wanalipa kwa neno na wanalipa.

BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) nenda ukajue utaratibu wao wa wafasiri, kwa sababu kuna nyaraka rasmi mteja anataka zithibitishwe nao na wewe ukijua njia unachukua kazi yote mwanzo mpaka muhuri.

Kupokea hela: PayPal ya huku ni ya kulipia, usimpe mteja ukadhani utapokea. Wengi tunatumia Payoneer halafu inaingia benki. Fungua mapema kabla hujapata kazi, majina yafanane na ya NIDA, usije ukaandika jina la utani la mtaani.

mtoto_wa_Muheza

Asante sana mkuu. Sasa naanzaje wakati sina kazi hata moja ya kuonyesha?

Mfasiri wa Raskazone

Tafsiri kurasa mbili za kitu cha wazi, maelezo ya dawa, mwongozo wa mbegu, chochote. Weka pembeni asili na tafsiri. Mteja haangalii cheti chako anaangalia kama umeandika Kiswahili cha mtu au cha kamusi. Ukiandika "hakikisha kwamba unachukua kidonge hiki kwa mdomo" umekwisha, sema "meza kidonge hiki" basi.

Deiwaka wa Habari

Niko kundi la waandishi wa magazeti, nimeandika kwa kujitegemea miaka mingi huku Tanga na Pangani. Jina kubwa, mfuko mtupu. Tunalipwa kwa habari iliyotoka, isiyotoka nauli yako imekwenda na bodaboda. Chombo kimoja ambacho sitakitaja walinikalisha miezi wananiambia mhasibu yuko safari. Ndio maana vijana wanaishia kwenye bahasha, unaenda kwenye warsha unapewa "nauli", habari inatoka tamu kwa aliyelipa nauli. Sitetei, naeleza inavyokuwa.

Na vijana wajue kwamba kuripoti habari sio sawa na kuandika risala, sheria ya huduma za habari ya 2016 inataka mwandishi wa habari awe na ithibati. Usijitangaze mwandishi wa habari kwa sababu una simu yenye kamera nzuri.

Kinachonisaidia mimi siku hizi ni kuandika ripoti za miradi. Mashirika yanakuja, kuna za mikoko, za uvuvi, za wasichana mashuleni, na tangu mambo ya bomba la mafuta kuja Chongoleani wageni wameongezeka. Maofisa wao wanafanya kazi nzuri uwandani lakini kuandika ripoti ya robo mwaka ni mateso kwao. Mimi naijua Pangani, najua kumhoji mvuvi akasema kitu cha maana, nawaandikia simulizi za wanufaika. Ujuzi ule ule wa gazeti, mlipaji mwingine.

Kalamu ya Ngamiani

Deiwaka umesema neno kubwa sana. Ujuzi ule ule, mlipaji mwingine. Kuna kaka mmoja hapa Ngamiani ni mtunzi mzuri kweli, anashinda anatuma hadithi kwenye magrupu ya WhatsApp sura ya 1 mpaka ya 60 anaishia kutumiwa vocha ya elfu moja. Mtu anayeweza kumfanya msomaji asubiri sura ya 60 akikaa na shirika akawaandikia michezo ya redio kuhusu malaria atalipwa. Lakini ukimwambia anasema anadhalilisha sanaa yake.

Shoga wa Mabawa

Mie swali langu moja tu. Wanaokataa kulipa unawafanyaje? Maana niliandika wasifu wa watu, barua za kazi, "nitakutumia jioni shoga", jioni gani hiyo haifiki, na wengine ni ndugu.

Kalamu ya Ngamiani

Shoga hili ndo lenyewe, na kwa sisi wanawake ni zaidi maana mtu anadhani kuandika ni kama kumshikia mtoto dakika mbili.

Mie sianzi bila nusu. Sina maneno mengi, namwambia bei ni hii, nusu tuma sasa nianze, nusu ukipokea. Anayekwenda kwenye steshenari analipa hata kabla karatasi haijatoka kwenye mashine, hajawahi kumwambia mwenye mashine nitakutumia jioni, kwanini kwangu iwe tofauti? Risala na mashairi namtumia ubeti wa kwanza au aya ya kwanza aone, zilizobaki zinatoka hela ikiingia. Makubaliano yote kwenye meseji hata kama tumeongea ana kwa ana, nikirudi nyumbani naandika "kama tulivyokubaliana, katiba, kurasa hizi, tarehe hii, shilingi hizi, marekebisho mara mbili tu". Hilo la marekebisho ndo muhimu kuliko yote. Usipoweka idadi, mwenyekiti atarekebisha, katibu atarekebisha, mume wa mweka hazina naye ataleta maoni.

Ndugu nao wana bei yao, naipunguza kidogo ila bure sifanyi. Bure nafanya ya msiba peke yake. Mtu kafiwa anataka wasifu wa marehemu usomwe, hapo sitaji bei, na sitaki nione mdau humu anataja.

Kuna shule moja ya binafsi ilinigomea nusu ya pili mara tu mahafali yalipoisha, walishapiga makofi wameshakula pilau. Sikugombana. Mwaka uliofuata walivyonipigia nikawaambia bei ni ile ile, ila sasa inalipwa yote mwanzo pamoja na ile ya mwaka jana. Wakalipa siku ile ile, mgeni rasmi alikuwa mkubwa mno kwa mwalimu wa Kiswahili kubahatisha.

Bwana Mkonge

Hapo kwenye deni la mwaka jana nimekuvulia kofia. Ila hujajibu jambo moja, akili mnemba. Mwenyekiti wa kikundi akiwa na ChatGPT kwenye simu yake wewe utaitwa kufanya nini?

Kalamu ya Ngamiani

Imeshafika hapo mbona, na kuna kazi imezichukua kweli. Barua ya maombi ya kazi ya kawaida siandiki tena, vijana wanajiandikia, na nimeiacha bila kinyongo.

Ila angalia risala zinazoandikwa na mashine. Zinasema "shule yetu imejitolea kikamilifu katika kutoa elimu bora na jumuishi". Mgeni rasmi anasinzia. Mashine haijui kwamba mgeni rasmi huyu alisoma shule hiyo hiyo akafukuzwa kwa kuiba miwa ya jirani, kitu ambacho mji mzima unajua na ukikigusa kwa heshima ukumbi mzima unalipuka kwa kicheko na yeye mwenyewe anatoa ahadi ya madawati. Hayo nayapata kwa kukaa barazani na wazee. Siku hizi wananiletea rasimu ya mashine niifanye iwe Kiswahili, na bei yangu hapo haipungui maana kufumua ni kazi kuliko kushona upya.

Mchanganuo pia, mashine inakuandikia vizuri kabisa kwamba kikundi kitauza kilo kadhaa kwa siku, ikiwa imejitungia. Kamati ikimuuliza mama samaki hao unawapata wapi mwezi wa saba bahari ikichafuka, kimya.

Mfasiri wa Raskazone

Kwenye tafsiri imeuma zaidi nisiwafiche. Kampuni zinatuma kazi iliyokwisha tafsiriwa na mashine wanataka uhariri kwa bei pungufu. Mimi nakubali zile zenye Kiswahili kinachoeleweka, zile zilizooza nawajibu kwamba hii naandika upya kwa bei kamili au mtafute mwingine. Baadhi wanakwenda, baadhi wanarudi.

Mhasibu Mstaafu

Vijana mmeongea vizuri, mimi naongeza la serikali. Chukueni TIN, ile namba ya mlipakodi, TRA wanatoa bure. Mashirika mengi na taasisi hawawezi kukulipa bila TIN, na wakikulipa kwa huduma watakuzuilia asilimia 5 kama kodi ya zuio. Msigombane nao kwamba mmeibiwa, dai cheti cha zuio, hiyo hela inahesabika upande wako wakati wa kufanya hesabu za mwaka. Na wale mnaotengeneza maudhui ya mtandaoni, tangu sheria ya fedha ya 2024 malipo yenu nayo yana zuio la asilimia 5. Kwahiyo unapotaja bei jiulize mapema ni kabla ya kukatwa au baada ya kukatwa.

Deiwaka wa Habari

Shikamoo mzee, hilo la kabla na baada limenikuta, ulizeni mapema vijana.

mtoto_wa_Muheza

Na tuzo je? Nasikia kuna watu wanapata mamilioni kwa hadithi.

Kalamu ya Ngamiani

Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, inasimamiwa na Taasisi ya Elimu, mshindi wa kwanza anapata milioni 10. Tuma kazi yako, hata mie nitatuma hiyo ya usiku ikiisha. Ila usije ukaiweka kwenye hesabu ya chakula. Kabla hujasaini popote kuhusu kitabu soma sheria ya hakimiliki ya 1999, haki ni yako maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, mtu akikupa laki mbili akuambie "tumenunua kitabu" muulize amenunua nini hasa, nakala au haki.

Wewe mdogo wangu ningekuwa Muheza ningeanza na machungwa. Wakulima wa machungwa wanataka kuungana wauze kwa pamoja, vikundi vinaanzishwa, nani anawaandikia? Zunguka, jitambulishe kwa afisa maendeleo wa kata yako kwa adabu, usiende na maneno ya dola. Andika katiba ya kwanza kwa bei ya chini, ya pili panda. Jioni fanya hizo kurasa mbili za tafsiri alizosema mkuu.

Shoga wa Mabawa

Jamani sisi tupo kumi, wauza vitumbua na mihogo, kikundi tunacho kwa jina tu, hatuna katiba. Tukija unatuchukuliaje?

Kalamu ya Ngamiani

Shoga elfu 40, nusu kwanza, hata kama umenichekesha humu. Njoo inboksi nikuelekeze nyumbani. Mje na majina yote kumi kama yalivyo kwenye NIDA, mje mmeshakubaliana nani mweka hazina, maana huko nyuma kikundi kiligombana hapo hapo kwenye mkeka wangu wakaondoka hawajalipa. Na vitumbua vije, vya nazi.